Mama Mkwe Wangu Ndani ya Utangulizi

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi. Nimewahi kuangusha sahani ya sadaka katikati ya kanisa, senti zikaviringika hadi miguuni pa mchungaji, na nimewahi kumwita Kaburu mmoja mwenye nywele ndefu "memsahib" akanifukuza na mjeledi mpaka mtoni. Hizo nazicheka. Lakini ile ya utangulizi wa insha yangu, hata leo ikinijia nikiwa njiani nasimama, nafunika uso kwa mkono, nangoja ipite, halafu ndipo naendelea kutembea (wapita njia hudhani nina mafua).

Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kidogo nje ya Sisibo, ndio Eldoret hiyo hiyo, zamani za wazungu, wakati ngano ya Makaburu ilianzia nyuma ya choo chetu ikaenda mpaka macho yanachoka. Ili upewe cheti ilibidi uandike insha kubwa ya mwisho, na haikuwa insha ya kujitungia tu. Ilibidi kwanza usome yote ambayo wengine wameandika juu ya jambo lako, halafu uandike utangulizi unaoonyesha wao wamesema nini na wewe unaongeza nini. Mimi nilichagua mboga. Msicheke. Watu wetu wa Maragoli waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu walibeba mbegu za mrenda, saga na managu zimefungwa ndani ya vitambaa, na nilitaka kuandika jinsi mama zetu walivyozikuza na kuzipika kwenye baridi hii ambayo hata kuku inawashinda.

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba, Rispa, binti wa karani wa mizigo pale stesheni ya Ainabkoi. Nilimpenda Rispa mpaka nikawa mzigo kwa wenzangu, maana kila mazungumzo, hata yawe ya mpira, nilikuwa nayafikisha Ainabkoi. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kupiga hodi kwao, maneno ya kwanza yakapokelewa vizuri, na chuo kikifungwa tu walikuwa warudi kukata shauri la ng'ombe. Kilichobaki kilikuwa kimoja, nisijiharibie. Na kwa desturi yetu hakuna mahali rahisi pa kujiharibia kama kwa mama mkwe. Humtazami usoni, humpi mkono, mkikutana njiani unaingia majanini apite, jina lake hulitamki (na hapa pia sitalitamka, msiningojee), na juu ya jiko lake na chungu chake huna neno, liwe zuri liwe baya.

Basi nikaanza kusoma. Nikapata kijitabu cha mabwana shamba, kitabu cha mmisionari mmoja wa zamani aliyeipa kila mboga jina la Kilatini, makala ya daktari juu ya majani ya kijani na damu, na mwisho, katika gazeti la kanisa, ukurasa wa akina mama, habari fupi tamu sana juu ya kupika mrenda huku nyanda za juu. Aliyeiandika alikuwa mama yake Rispa, jina lake lote liko pale chini, limepigwa chapa.

Hapo ndipo nilipokata ule uamuzi mdogo ulioniponza. Ningeweza kuiacha ile habari, nilikuwa na mengine ya kutosha. Lakini nikajiambia, Erasto, ukimketisha mama huyu kati ya daktari na mmisionari, sifa zitafika Ainabkoi kabla ya wazee wako, na nani ajue, huenda hata ng'ombe mmoja akapunguzwa. Desturi imekataza kutamka jina, nikajiambia tena, haikusema kitu juu ya kuliandika. (Mtu akitaka kuingia shimoni, akili yake ndiyo humshikia taa.)

Mwalimu wetu wa insha alikuwa mzungu mpole aliyeitwa Bwana Harold, mrefu, koti limemtoboka viwiko, Kiswahili chake kile cha shambani, lakini mambo ya kuandika aliyajua sawasawa. Akausoma utangulizi wangu wa kwanza, akanirudishia.

"Huyu nasema, yule nasema, ile ingine nasema," akaniambia. "Mimi nachoka. Wewe nasema nini?"

Nikamwambia mimi nakubaliana nao wote.

"Kama nakubali yote, kwa nini naandika?"

Akaketi akanifundisha, na hapo simlaumu hata kidogo, alinifundisha vizuri kuliko mtu yeyote: usimpe kila mwandishi aya yake peke yake, bali kusanya kwanza yale wanayokubaliana, kisha wanapopishana, kisha tafuta kile ambacho hakuna aliyekisema, na hapo penye pengo ndipo insha yako ipitie. Na neno la mtu ulitaje kwa jina la mwenyewe, maana kulichukua bila kumtaja ni wizi. Nikarudi bwenini, nikatandaza karatasi zangu juu ya kitanda, nikazipanga upya kwa mafungu, hili la mbegu, hili la udongo, hili la kupika, na nilipofika la kupika nikaliona pengo waziwazi. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja munyu.

Kwa wale wasiojua, munyu ni ile chumvi yetu ya majivu: unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake unayamwagia maji, unayachuja taratibu, na yale maji ndiyo yanayoulainisha mrenda ukateremka kooni wenyewe. Daktari nilimsamehe, mmisionari nilimsamehe, mabwana shamba sikuwatarajia. Lakini mama wa Kimaragoli kuusahau munyu ni kama mchungaji kusahau amina. Na mimi, kwa furaha ya kulipata pengo, kalamu ikanitoka mkononi kabisa. Niliandika kwamba wote wanne hawakutaja munyu, na kwamba kwa upande wa mwandishi wa gazeti la kanisa, nikamtaja jina, kosa hilo linashangaza, kwani mrenda usio na munyu hauliki, na huenda mwandishi hajui kuutengeneza.

Huenda hajui! Niliona ni lugha ya kisomi, hata nikaisoma kwa sauti. Nani angeuona utangulizi ule zaidi ya Bwana Harold na panya wa kabati lake?

Bwana Harold akaupenda mno. Akaupenda hata akaamua kwamba siku ya kufunga chuo, mbele ya wazazi na wageni, Erasto asimame jukwaani ausome, watu waone utangulizi unavyojengwa. Nikafa ganzi. Halafu nikajituliza, nikasema mama huyu hawezi kuja, akijua kwamba mkwe yuko hapa atakaa kwake Ainabkoi kwa heshima. Nilichokuwa sijui ni kwamba chuo kilikuwa kimekialika chama cha akina mama wa kanisa kije kuonyesha mapishi, na mwenyekiti wa chama hicho ni nani?

Nilipanda jukwaani nimevaa koti la kuazima kwa baba yangu mdogo, nikainua macho niwasalimu wageni, na pale benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya mapaja, ameketi yeye. Pembeni yake wanawake wa chama chake, Wamaragoli watupu. Naye aliponiona alifanya adabu yake, akajifunika leso hadi nusu ya uso na kugeukia dirishani. Mimi nikafanya yangu, nikageuka ubavu, karatasi nikaiinua mpaka mbele ya pua, nikaanza kusomea ukuta.

Nilisoma habari za mbegu, nikasoma udongo, jasho linanitiririka mpaka ndani ya soksi, na nilipofika fungu la kupika nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Hapana, hapana," Bwana Harold akasema kutoka kitini kwake. "Wewe naruka moja karatasi. Soma yote, hapana ogopa."

Nikarudi. Nikasoma kwamba mwandishi mmoja wa gazeti la kanisa...

"Jina!" akasema kwa upole, lakini kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Mimi nafundisha nyinyi nini? Taja jina."

Jamani, hebu nioneeni huruma. Nikilitaja jina la mama mkwe mbele ya watu, nimekosa mke. Nisipolitaja, mwalimu ataniona mwizi wa maneno, na cheti kiko mkononi mwake. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena, hakikutoka kitu. Bwana Harold, kwa moyo wa huruma tu, akidhani ni woga wa jukwaa, akapanda, akanipigapiga begani, akaichukua karatasi akanisomea yeye. Alilisoma jina lote, la ubatizo na la baba yake, akifurahi. Akasoma kwamba kosa hilo linashangaza. Akasoma, polepole, na mkono hewani, kwamba huenda mwandishi hajui kuutengeneza.

Halafu mama mmoja kwenye lile benchi akasema, "Uuwi!" na mwingine akauliza kwa sauti, "Amesema nani hajui munyu? Huyu mkwe? Amesema mama yake?"

Nilitaka nitoke, lakini ngazi ya jukwaa iko upande wake, na siwezi kumpita mbele. Basi nikarudi kinyumenyume, heshima mpaka mwisho, sioni niendako, nikashuka jukwaa kwa upande wa nyuma ambapo kumbe akina mama walikuwa wamepanga meza yao ya mapishi, nikaikalia. Meza ikakubali mara moja. Vyungu vikaja, ugali ukaja, na chungu kikubwa kuliko vyote, cha mrenda, kikanimwagikia kuanzia kifuani hadi kwenye kaptula. Nyinyi mnaujua mrenda. Nikiinuka nateleza, nikishika meza inateleza, nikishikwa mkono nachomoka, wanafunzi wenzangu wawili walijaribu kuninyanyua tukaanguka sote. Na katika kuhangaika kule, bila kutaka, nikaulamba mdomoni.

Ulikuwa na munyu. Tena munyu uliochujwa na mtu anayejua, mrenda laini, mtamu, kuliko hata wa mama yangu mzazi.

Niliyoyasikia baadaye kwa baba yangu mdogo sitayarudia yote. "Umetupeleka wapi, Erasto?" alinikaripia, huku akilikung'uta koti lake. "Wazee wenye mvi waende Ainabkoi waseme nini? Mama wa watu umemwambia hajui chungu chake, mbele ya kanisa, mbele ya mzungu, halafu chungu chenyewe ukakikalia!" Nililala nikiwa na uhakika kwamba Rispa ameniponyoka, na nilichohisi hakikuwa aibu tena, ilikuwa huzuni tupu. Cheti nilipewa. Sikuangalia hata maksi.

Siku chache baadaye nikiwa nafunga sanduku langu niondoke, Rispa akaja. Alisimama nje ya ua wa chuo, amevaa gauni la kanisani, uso hauonyeshi chochote. Nikamwendea nikijua nimekuja kuagwa.

"Mama alilia," akaniambia. "Kwenye treni, mpaka Ainabkoi."

"Rispa, mimi..."

"Ngoja nimalize. Wamama walidhani ni aibu, wakawa wanakutukana ili wamfariji. Tulipofika nyumbani ndio ameniambia. Yeye aliandika munyu, Erasto. Aliandika kurasa nzima, vile unachoma maganda, vile unachuja, vile unajua umekolea. Watu wa gazeti wakakata yote. Walimwambia hakuna msomaji anajali majivu."

Nikasogea karibu na ua.

"Hakuwahi kuambia mtu," Rispa akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imelegea. "Ilipotoka, watu walimpongeza, mchungaji alimpongeza, Baba aliisoma kwa wageni. Hakuna hata mmoja aliona kuna kitu hakipo. Anasema ni wewe peke yako uliisoma mpaka ukaona. Amewaambia wazee wako waje vile walisema."

Nilishika ule ua wa miti kwa mikono miwili, nikalia kama mtoto, bila kujali nani ananiona.

"Na ile 'huenda hajui'?" nikamuuliza nilipopata sauti.

"Hiyo hajasamehe," Rispa akasema. "Hiyo wazee wataongeza mbuzi."

Mbuzi tulimtoa. Rispa nilimwoa, na insha yangu, ingawa cheti nilikuwa nimekwisha kukipata, niliiongezea habari yote ya munyu, mama mwenyewe akiieleza jikoni, Rispa akiniletea maneno nje ninakoandika, kwa sababu desturi ni desturi. Tangu hapo nimeandika utangulizi mwingi na nimewafundisha wengine kuandika wao, na pengo bado nalitafuta kama alivyonifundisha Bwana Harold, nalipenda pengo. Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu, kwamba sitaandika tena juu ya mtu yeyote, aliye hai wala marehemu, kwamba huenda hajui. Naandika tu kwamba hakutaja, naweka nukta, naufunga mdomo wangu, kwa maana sijui mkasi ulikuwa mkononi mwa nani.