Mguu Juu ya Chokaa

Tangu Jumamosi fundi wa vigae hakutulia. Jumapili alianza kupanga kabati la vyombo, akaliacha nusu. Jumatatu alibandika vigae vitatu jikoni kwa mteja, akavibandua, akavibandika tena, ingawa pimamaji ilionyesha viko sawa. Nyumbani alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba watoto, umekalia siafu?" mkewe aliuliza.

"Nipo tu."

"Upo wapi? Maana hapa hupo."

Hakujua aanzie wapi. Kwa miaka sita alikuwa akishika kibendera kwenye mechi za mtaa, na sheria ya kurusha mpira aliijua kama njia ya kwake: mrushaji aelekee uwanjani, atumie mikono yote miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa na upite juu yake, na sehemu ya kila mguu iwe chini, nje ya mstari au juu ya mstari wenyewe. Juu ya mstari. Ruhusa kabisa.

Lakini kwa miaka ishirini alikuwa amepiga mistari ya chokaa kwenye sakafu za watu, akifoka kutwa: "Usinikanyagie mstari!" Na Jumamosi, dakika za mwisho, kinyozi wa mtaani, anayecheza beki wa kulia, alirusha mpira mrefu huku vidole vya mguu vimelala juu ya chokaa. Mkono wa fundi ukapanda na kibendera kabla akili haijafika. Mpira ulipigwa kichwa, ukatua wavuni. Mwamuzi akakataa goli. Timu ya kinyozi ikafungwa moja bila, ikatolewa mashindanoni.

Hakuna aliyebisha. Mtaa mzima unaamini mstari haukanyagwi. Walimgeukia kinyozi, na kocha akamvua jezi palepale: mtu asiyejua hata kurusha, alisema, kwangu hana namba.

Jumatano fundi aliacha ndoo ya saruji ikiganda, akaenda kwa kinyozi. Kwenye kiti alikuwa amekaa kocha mwenyewe. Nusura fundi ageuke.

"Kinyozi, Jumamosi ulirusha sawa," alisema kutoka mlangoni.

Mashine ikanyamaza.

"Sawa vipi?" alidakia kocha, kichwa nusu kipara, nusu kichaka. "Alikanyaga mstari, tuliona wote!"

"Kuukanyaga si kosa. Kosa ni mguu mzima kuuvuka. Nilikosea mimi."

Alitoa chaki mfukoni, akachora mstari sakafuni katikati ya nywele, akaweka mguu juu yake. "Hapa, halali." Akausogeza mbele. "Hapa, kosa."

Kocha aliutazama mstari. "Kwa hiyo goli letu?"

"Lilikuwa goli."

"Umetutoa mashindanoni, bwana wewe!" Kocha alisimama, shuka ikining'inia shingoni. "Na mimi nikamvua mtu jezi!"

"Barua ya kukiri kosa nimeshaipeleka kwenye kamati ya mashindano. Wakitaka kibendera chao, kipo nyumbani, nimekifua."

Kinyozi aliweka vidole vya mguu juu ya mstari ule, akavitoa.

"Siku nne," alisema. "Siku nne wateja wananiuliza kama na nywele nakata kwa mikono miwili."

Kocha alicheka peke yake, kisha akaacha. "Jumamosi uje mazoezini na viatu."

"Nitafikiria. Kaa nikumalizie."

Alimaliza kichaka kilichobaki. Kocha alipoondoka, kinyozi alikung'uta shuka na kumwonyesha fundi kiti.

"Zamu yako."

Fundi alikaa. Wembe wa baridi uligusa kisogo, na chini ya shuka miguu yake ikaanza kuchezacheza, kisigino juu, kisigino chini.

"Tuliza miguu, fundi," alisema kinyozi. "Sijakusamehe bado. Nakunyoa tu."