Vipande vya Nailoni Kwenye Kopo la Vifungo

Baba ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Pindo, maana pindo likienda upande hata kidogo hulifumua lote. Utotoni aliungua mguu wa kulia kwa maji ya moto, na kwenye kovu pakabaki kidonda kilichofunga na kufunguka miaka arobaini. Aliyekiosha ni mama. Kila mwisho wa mwezi alikitandazia nailoni safi, akachora ukingo wake, akalikata umbo lile na kuandika tarehe. Vipande alivitunza kwenye kopo la vifungo.

Mama alipofariki, vipande vikakoma. Nikimwomba baba anionyeshe mguu, ananijibu, "We shughulika na watoto wako." Mkaidi kama yule sijapata kuona. Miaka mitatu alijifunga mwenyewe, kajifungia chumbani, kwa kuwa hakutaka mkono mwingine upite pale ulipopita wa mama. Nilimkasirikia, na mimi pia nilimkumbuka mama.

Harufu ndiyo iliyomuumbua. Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama wakakipima: saratani ya ngozi, imeota kwenye kidonda. Daktari hakupindisha maneno.

"Mzee, tunakupiga picha ya MRI tuone imezama kiasi gani. Ikiwa imeingia kwenye mfupa, tutaukata mguu."

Mguu huo ndio unaosukuma cherehani.

Dada wa chumba cha picha alimtaka atoe kila chuma. Baba akachomoa pini tatu kwenye ukosi, sindano mbili mfukoni.

"Mzee, umehamia na duka?"

Hakucheka.

Siku ya majibu daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Huu mfupa, hii misuli, huu uvimbe. Kati ya uvimbe na mfupa palikuwa na nafasi nyembamba.

"Haijafika. Tutaukata uvimbe na pembeni yake, tupandikize ngozi. Mguu unabaki."

Nililia bila aibu. Baba alitoa lile kopo kwenye mfuko, akakifungua kidonda mbele yangu, akakiwekea kipande cha mwisho cha mama. Kidonda kilikuwa kimekizidi kipande upana wa kidole, pande zote.

"Angekuwepo," akasema, "angekiona kinapanuka mwezi wa kwanza tu."

Kisha akanipa nailoni na kalamu.

"Chora, mwanangu. Na tarehe uandike."

Nikachora, mstari ukaenda upande. Pindo hakuniambia nirudie.