Ngumu Kabisa

Gia iliyovunjika ilikuwa mpya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Meno yalikatika kama biskuti, mashine ya kukata majani ikasimama, na kiwanda chetu cha chai hapa Boito kilikuwa kimejaa majani mabichi hadi mlangoni. Mimi ndiye injinia wa matengenezo. Majani ya mama yangu yalikuwa humo pia.

Kila mtu alilaani ng'ambo, tulikoiagiza. "Vitu ya huko ni feki tu!" Feki gani? Waliotengeneza gia ile walitupatia kile tulichoomba, na ndiyo maana damu inanichemka mpaka leo.

Nilikuwa nimeandika kila kitu: aina ya chuma, ugumu wa jino kwa juu, ugumu huo uingie ndani kiasi gani, na katikati pabaki laini kidogo ili jino livumilie kishindo. Niliomba pia cheti cha vipimo. Meneja wa ununuzi akafuta yote.

"Injinia, unapenda maneno mingi. Hao watu watatukimbia. Tuma ile gia ya zamani waone, halafu andika ngumu kabisa."

"Bosi, ngumu kabisa itavunjika."

"Chuma ngumu ivunjike? Wacha mchezo!"

Ndivyo tulivyozoea. Fundi wa chuma wa hapo jirani Ndanai ukimpelekea kifaa kilichochakaa, anakuchongea pacha wake, mnaachana kwa amani. Lakini jicho linaona umbo tu. Namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa haionekani. Wale wa ng'ambo wakasoma maneno yetu mawili, wakaifanya gia ngumu hadi moyoni.

Majani yakapata joto, yakawa mekundu, tukayamwaga.

Kesho yake nilipita kwenye kituo cha kupokea majani. Mama alikuwa amechuchumaa kando ya mizani, kikapu amekimwaga juu ya gunia.

"Mama, hii ingine imekomaa," karani alikuwa akimwambia. "Kiwanda inataka majani mbili na chipukizi. Toa hizo zingine."

Naye alikuwa akiyatoa, moja moja, bila kunung'unika. Kwa jani la mama tulijua kusema hasa tunachotaka; kwa gia tuliandika maneno mawili tu.

"Ya jana ilienda sawa, kijana yangu?" akaniuliza.

"Ilimwagwa, mama."

Vidole vikasimama. "Ilikuwa na makosa gani?"

"Yako haikuwa na makosa."

Akainama kuendelea kuchambua.