Siku Nilipomkamata Mtoto wa Marsela

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Balangdalalu, Mkuu wa Kituo aliniangalia miguu kabla ya kuniangalia uso. Alikuwa ameambiwa kwamba konstebo mpya ni mwanariadha, kwamba jeshi lilinichukua kwa sababu ya mbio, na hilo halikumfurahisha.

"Umekuja kukimbia au kufanya kazi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nimekuja kwa yote mawili, afande. Akasema wezi wa ng'ombe wa Hanang hawakimbii, wanatembea taratibu na mifugo ya watu kama vile ni yao, kwa hiyo mbio zangu nizipumzishe kwanza nijifunze kusikiliza. Kisha akaniweka kaunta.

Vijana mnaotaka kuingia kazi hii, nawaomba msiidharau kaunta. Wengi wenu mnaota bunduki na gari la doria. Kaunta ni ile meza ndefu ya mbele ambapo kila mwenye shida anaanzia. Hapo mtu aliyeumizwa hupewa PF3, fomu ambayo bila hiyo daktari wa hospitali anasita kumgusa. Hapo pia mtuhumiwa hupokelewa kabla ya kuingia mahabusu, yaani chumba cha kushikiliwa. Unampekua, unamvua mkanda na viatu, kwa sababu mkanda unaweza kumnyonga na kamba ya kiatu vilevile. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu. Kwa kuwa vituo vyetu vilikuwa na wanawake wachache, nilipekua wanawake wa wilaya mbili, kuanzia wauza gongo hadi mke wa diwani.

Balangdalalu ndiko nilikojifunza kukaa kimya. Wafugaji wa kule hawaanzi na shida yenyewe. Wanaanza na mvua, nyasi, ng'ombe aliyezaa, halafu wakishakuona umetulia wanasema mtoto kachomwa mkuki. Nilipopandishwa cheo kuwa koplo nilihamishiwa kituo kidogo upande wa Gitting, chini ya sajenti mmoja mpole aliyekuwa akisema kwamba pingu ni kama chumvi: ikizidi, hata aliye na njaa anasukuma sahani. Nilipokuwa sajenti nikarudishwa milimani, karibu na nyumbani kwetu Endagikot. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na ili muielewe, lazima niwaeleze kuhusu Marsela.

Marsela na mimi tulikulia mtaa mmoja na kusoma shule moja. Tulikimbia pamoja tangu tukiwa wadogo, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Timu ya polisi ilipokuja kutafuta vijana, ilinichukua mimi ikamwacha yeye. Aliolewa, akalima maharage na ngano, akafuga. Mimi goti likaniangusha mapema, nikabaki na magwanda bila mbio. Kisha Marsela akamzaa Yasinta.

Yasinta alikuwa na miguu ambayo sijaiona tena. Alianza kushinda Arusha, akaenda nje ya nchi, akarudi na medali, na jina lake likatajwa redioni. Mwanangu Elia ni fundi simu hodari, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini hata mvua ikimkuta njiani haongezi mwendo. Kila nilipopita kwenda kanisani niliona nyumba mpya ya Marsela yenye bati la rangi, na Marsela mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki akimenya viazi kama malkia. Wivu ulinikaa kifuani. Kwangu ulikuwa kama baridi ya Mbulu: hauishi, wewe unavaa sweta unaendelea na kazi. Na yeye alikuwa na wake. Tukikutana kwenye shughuli za kanisa alikuwa akisema kwa sauti, nisikie, kwamba wengine mwezi unawaishia shambani mikono mitupu na wengine unawaishia na mshahara. Endagikot nzima ilijua kwamba sisi wawili hatupatani.

Kwa hiyo fikirieni ilivyokuwa asubuhi ile Mkuu wa Kituo wa huko milimani aliponiita na kuniambia twende tumkamate Yasinta.

Siku moja kabla, akiendesha gari lake jipya kule uwanda wa Hanang, Yasinta alimgonga Mzee Gidahuda, mfugaji wa Kimang'ati, aliyekuwa akivusha ndama barabarani. Mguu wa mzee ulivunjika vibaya. Yasinta hakusimama. Hapa nieleze kidogo, maana watu wengi wanakosea. Dereva akiona watu wana hasira anaruhusiwa asibaki pale, mradi aende moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu na kusema yaliyotokea. Yasinta alipita kituo cha kwanza, akapita na cha pili, akaja kulala kwa mama yake. Kosa lake lilikuwa hapo hasa.

Nilimwomba Mkuu wa Kituo atume mtu mwingine. Nilimwambia wazi kwamba mimi na mama yake hatuelewani, na kwamba nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nitastaafia kijiji hichohicho. Nikienda mimi, watasema ni wivu, na watasema hadi siku watakaponizika.

"Mwanamke mwingine yuko likizo ya uzazi," akasema. "Nikituma wanaume watupu watasema kitu kibaya zaidi. Sajenti, nenda."

Tulimkuta Yasinta uwanjani akifanya mazoezi na mabinti wa kijiji. Aliponiona alisimama, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nilimweleza kosa lake, nikamweleza haki yake ya kunyamaza na ya kumwita ndugu au wakili. Hakubisha. Konstebo aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza kuhusu pingu.

"Afande, akikimbia je?"

"Akikimbia, ni wewe utakayemshika?" nikamuuliza. Mabinti wakacheka, hata Yasinta akacheka, na tukaenda garini bila pingu.

Kituoni nilimpokea kama ninavyompokea kila mtu. Nilimpekua chumba cha nyuma, mlango umefungwa, nikamvua saa na viatu. Maelezo yake yangechukua muda mrefu, nikampa kiti kama kila mtu. Dirisha la mbele lilikuwa wazi, na mtu akapiga picha: bingwa wetu, miguu mitupu, ameketi kwenye kiti mbele ya meza yangu, nami nimemsimamia. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, picha ilikuwa imefika kila simu kutoka Mbulu hadi Katesh.

Huku milimani watu waliona miguu. Walisema tumemvua viatu msichana aliyeuletea mkoa heshima, kwamba tumemdhalilisha kama mwizi wa kuku, na kwamba aliyemvua ni yule ambaye mwenyewe alishindwa kukimbia. Kule uwandani watu waliona kiti. Wana wa Mzee Gidahuda walikuja kituoni wamevaa mashuka yao, wakasimama mlangoni wakitazama, na mkubwa wao akaniuliza kwa upole unaoumiza kuliko tusi kama ni kweli kwamba mtu akivunja mguu wa Mmang'ati anapewa kiti. Alisema yeye aliwahi kushikiliwa kwa ajili ya mbuzi wa jirani, akakaa sakafuni hadi makalio yakafa ganzi.

Nilimwambia kwamba katika zamu yangu kila mtu hukaa kwenye kiti. Akaniuliza zamu za wengine je. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Jambo lililotuponza, hata hivyo, halikuwa picha. Yasinta alikuwa na hofu kuhusu viatu vyake. Vilikuwa vya mashindano, vimetengenezwa kwa vipimo vyake, naye hakuamini stoo yetu, na mimi simlaumu. Aliomba kaka yake Yosefu avipeleke nyumbani. Ni ruhusa ya kawaida, ndugu hukabidhiwa mali ya mtuhumiwa akiridhia, na Mkuu wa Kituo akakubali. Yosefu ni mtu asiye na maneno mengi. Alipanda kilima, akaingia uani kwa mama yake ameshika viatu viwili mkononi, akaviweka chini mbele yake kabla hajafungua mdomo.

Kwetu, vitu vya mtu vikirudi nyumbani mikononi mwa ndugu aliyeinamisha kichwa, huulizi kama bado yu hai. Marsela hakuuliza. Alipiga yowe. Jirani wa ng'ambo ya bonde alilisikia akalipokea, na wa mbele yake akalipokea, na Yosefu alipofanikiwa kusema kwamba dada yake ni mzima, hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Kijiji kilishaanza kuteremka. Wanawake mbele wakilia, wanaume nyuma na fimbo.

Walijaa mbele ya kituo mchana kweupe. Mkuu wa Kituo alitoka akatangaza kwamba Yasinta yu hai, wakamzomea. Alimpigia simu Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na nilisikia mabomu ya machozi yakitajwa. Niliwajua watu wale karibu wote. Mle ndani ya umati kulikuwa na mama aliyenifundisha katekisimu.

Nikamwambia Mkuu wa Kituo amruhusu Marsela aingie peke yake amwone mwanawe.

"Marsela yupi? Si ndiye huyo adui yako?"

"Ndiye, afande. Wewe ukisema mtoto ni mzima, wanasema polisi anaficha. Kaka yake akisema, wanasema ametishwa. Lakini Marsela akitoka hapa akisema mwanawe ni mzima, wataamini, kwa sababu hakuna mtu hapo nje anayedhani Marsela anaweza kusema uongo ili kunisaidia mimi."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akasema nimlete.

Nilitoka mwenyewe. Walinitupia maneno ambayo sitayaandika. Nikamwita Marsela kwa jina lake la shuleni, akanifuata bila kunitazama. Alipomwona Yasinta kwenye kile kiti hakumkumbatia. Alipiga magoti akashika miguu yake, mmoja, kisha mwingine, akazipapasa nyayo kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Aliporidhika akainuka, akageuka kwangu.

"Umefurahi sasa, Agatha?"

"Sijafurahi," nikasema. "Ningefurahi kama angesimama barabarani. Nenda kawaambie watu."

Akamtazama mwanawe. "Ulimgonga yule mzee?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamwacha?"

Yasinta akalia. Marsela akatoka nje, akasimama kwenye ngazi, na umati ukanyamaza kwa namna ambayo haujawahi kuninyamazia mimi. Alisema mwanawe yu mzima, amekula, hajapigwa. Kijana mmoja akapaza sauti kuuliza mbona amevuliwa viatu. Marsela akamjibu kwamba viatu viko nyumbani kwake, na kwamba kule Hanang kuna mzee ambaye sasa hivi hana hata mguu wa kuvalia kiatu, basi warudi majumbani. Walirudi. Nilisimama nyuma ya mlango nikimsikiliza, nimeshukuru hadi machozi, na bado nimeona kijicho, maana miaka yote ya kazi sijawahi kutuliza umati kwa maneno machache vile.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida. Yasinta alipata dhamana, akakiri mahakamani, akatozwa faini na kuzuiwa kuendesha gari kwa muda. Wazee wa pande mbili walikutana wakamaliza ya kwao, kwa ng'ombe na pombe ya asali. Mzee Gidahuda anatembea kwa fimbo. Baada ya kesi, Mkuu wa Kituo aliagiza mabenchi yaletwe, na amri ikatoka kwamba hakuna anayehojiwa akiwa sakafuni, zamu yoyote. Amri hiyo ilitokana na swali la kijana wa uwandani, nami napenda hilo likumbukwe.

Lakini jina langu halikusafishika. Nilistaafu nikiwa bado yule mama mwenye wivu aliyemvua viatu Yasinta. Nikienda kisimani mazungumzo yalibadilika. Elia alikosa wateja wa simu kutoka upande wa kina Marsela. Nilijaribu kueleza taratibu za upekuzi kwa yeyote aliyetaka kusikia, na niligundua kwamba mtu hasadiki taratibu, anasadiki mtu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mlio mafunzoni. Mtakuwa na chuki zenu, na wivu wenu, na ndugu zenu. Msijidanganye kwamba magwanda yataziondoa. Yanazifunika tu. Fanyeni kazi kwa utaratibu uleule kwa mtu mnayempenda na kwa mtu anayewachoma roho, na fanyeni mbele ya dirisha lililo wazi, hata kama watapiga picha. Watasema. Waacheni waseme. Kazi iliyofanywa vizuri ina subira kuliko midomo.

Mwaka jana, mkutano wa kijiji ulikuwa ukitafuta mtu wa kukaa na wazee kusuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo. Mtu akanitaja. Mzee mmoja akasema hapana, huyu mama ana wivu, mnamjua. Watu wakaguna kukubali, nami nikainama nikitafuta mkoba wangu niondoke. Marsela akasimama.

"Ni kweli ana wivu," akasema. "Ananionea wivu tangu tukiwa shule, na mimi namwonea. Nyie wengine mnajifanya hamna. Siku moja mwanangu alikuwa mikononi mwake, peke yake, mlango umefungwa. Nilimkagua mwanangu kutoka kidole hadi kidole. Sikuona alama. Sasa niambieni, nani hapa ana wivu uliokwisha kupimwa namna hiyo?"

Alikaa. Mwenyekiti akaomba mikono, na mikono ikanyanyuka, hata ya yule mzee.

Nikasimama kushukuru. Nilisema niliyoweza, watu wakapiga makofi ya adabu, nikaketi nikimwonea wivu Marsela, kwa sababu hotuba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.