Nilidhani harufu ya majirani zangu wa Kamsamba iko kwenye damu yao

Wakuu, salaam. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, japo linaniaibisha.

Mimi ni Mnyiha wa Isansa, kwenye baridi na kahawa. Nikapangiwa kufundisha Kamsamba, na joto la kule anayelijua analijua.

Nikapata single room kwenye mji wa familia ya wafugaji. Kabila silitaji, msije mkaanza utani wenu.

Kila jioni mwenye nyumba, Mama Sayi, aliniita: "Mwalimu, njoo tule." Wanakula sinia moja, na mtindi wa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

Nilienda siku mbili tu. Ile harufu ya moshi, maziwa na ng'ombe ilinishinda. Tangu utotoni nilisikia kabila lile ndivyo walivyo, iko kwenye damu. Nikaamini, na degree yangu.

Nikaanza visingizio. Mara tumbo, mara nasahihisha madaftari. Akija mlangoni, nafungua dirisha.

Aliona. Akaacha kuniita.

Wakuu, kula peke yako huku unasikia watu wanacheka nje ya ukuta wako ni adhabu. Nilikuwa mpweke hadi naongea na sufuria.

Likizo nikaenda nyumbani. Mama akanikumbatia, akarudi nyuma.

"Mwanangu, mbona unanuka zizi?"

Begi langu likalala nje.

Nilicheka, halafu nikajiuliza: Damu yangu si ndiyo yake? Kumbe ni jasho, maji ya shida, chakula, moshi, na zizi lililo jirani na kamba ninayoanikia nguo.

Niliporudi nilimpelekea Mama Sayi kahawa ya nyumbani, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hata wewe ulivyofika ulikuwa unanuka, Mwalimu. Sabuni zako zile! Watoto waliziba pua. Nikawaambia huyu mgeni, mtamzoea."

Jioni nikaacha mlango wazi, nasubiri kuitwa.

Alikuja na kikombe cha mtindi, kimefunikwa kisahani. Akaniwekea mezani kwa heshima, akarudi kwa wenzake kwenye sinia.

Ndivyo anavyohudumiwa mgeni, si mtu wa nyumbani. Nikanywa peke yangu hadi tone la mwisho.

Nilichojifunza: kila mtu ananuka kwao, ila ya kwako huisikii. Wataalamu wa vinasaba, kama damu nayo inachangia, nirekebisheni.

Na aliyewahi kujitoa kwenye sinia la watu akarudishwa, aniambie alifanyaje.