Majani Yasiyotoka Kaya

Habari za kifo chake zilinikuta Ukunda juzi, kikombe cha chai mkononi, nami nikiri kwamba baada ya kusema inna lillahi nilijikuta natabasamu. Msinione sina adabu. Mama huyu, jirani yangu wa zamani huko Msambweni, hakumbukwi kwa uso uliokunjamana. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wasichana wenzake walipokuwa wakiwania kazi za mapokezi katika hoteli za Diani, yeye alikwenda chuoni kusomea uhifadhi wa maliasili. Mtaa mzima tulimcheka. Tulidhani atarudi na bunduki ya kulinda ndovu, maana kazi nyingine ya masomo hayo hatukuijua.

Mwaka wa mwisho alipewa utafiti ambao ndio ungeamua kama atapata stashahada. Akachagua msitu wa kaya, ule mtakatifu wa mababu wa Wadigo, ulio karibu na kwao, ambao mjomba wake alikuwa mmoja wa wazee wanaoutunza. Chuo kilitaka majani ya kila mti, yakaushwe na kubandikwa kwenye karatasi. Kaya nayo ina miiko yake: ukiingia unavua viatu, na ukitoka hutoki na kitu, hata kijiti kilichoanguka. Wenzake walimshauri achume kwa siri, akakataa. Mwalimu wake, mtu wa bara aliyeogopwa na chuo kizima, alipofika nyumbani kumkagua alikuta karatasi tupu. Mimi nilikuwapo, kwa umbea wangu. Mwalimu akamweleza kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kwamba pasipo majani hana cha kusahihisha, na asiye na alama hahitimu. Mamake akaanza kujifuta machozi kwa upindo wa leso. Binti aliinamisha kichwa, lakini akajibu.

“Mwalimu, kwa heshima yako, majani hayatoki. Labda wewe uingie.”

Wallahi nilijua yamekwisha. Yule bwana akauliza msitu uko umbali gani. Mjomba akatuombea ruhusa, tukajifunga kaniki, tukaingia pekupeku, mwalimu akichechemea juu ya mawe kama kuku aliyefunguliwa kamba sasa hivi. Binti alimpeleka mti kwa mti, akitaja jina la Kidigo na la kitaalamu, naye mwalimu akiuliza, akiandika, akiuliza tena, hadi adhuhuri ikatukuta humo. Tulipotoka alimpa mkono akamwambia amefaulu. Nilipiga kelele za furaha utadhani nimefaulu mimi. Mwaka uliofuata mwalimu yuleyule alileta darasa zima, viatu mkononi.

Na kazi, jamani, zilimfuata. Alipanda mikoko Vanga, akashauri akina mama wakulima wa mwani Kibuyuni, akafunza vijana wa Diani kuongoza wageni msituni, mwisho akafundisha chuoni. Mazikoni niliwaona wanafunzi wake: maafisa wa misitu, wapimaji wa maji, walezi wa miche. Moyo wangu ulijaa nikatamani nirudi shule. Kwa hiyo mzazi, mwanao akitaja uhifadhi, usimcheke kama tulivyocheka sisi. Mpeleke. Ila mwambie kwamba siku moja atatakiwa kuchagua kati ya msitu na cheti chake, na hapo ndipo atakapojua alichokwenda kusomea. Marehemu siku hiyo ilimkuta angali mwanafunzi.