Lusungu na Rili ya Tanga

Kwa miaka kumi na minne Lusungu wa Lufingo alifunga maturubai kwenye malori ya ndizi, na sifa yake sokoni Tukuyu ilikuwa moja: kamba aliyoikaza yeye hailegei mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana Hasina, au Mama Lulu, fundi cherehani wa Msasani ya hapo hapo Tukuyu, aliponunua mashua ndogo ya tanga, ya kukokotwa na gari, ili awatembeze wageni Ziwa Nyasa, alimchukua Lusungu awe mshika kamba wake.

Tanga la mbele la mashua ile halikuteremshwa. Liliviringishwa kwenye waya wake kama mkeka. Chini ya waya palikuwa na rili, kigurudumu cha kuzungushia kamba. Tanga likifunguliwa, kamba hujizungusha kwenye rili. Ukiivuta kamba hiyo, tanga hujifunga.

Siku ya kwanza ya majaribio, huko Matema, Lusungu alifungua tanga na kuiacha kamba iende yenyewe.

"Ishikilie kidogo inapoingia," Hasina alimwambia. "Hata kwenye bobini ya cherehani, uzi ukiingia umelegea hunasa."

"Mama Lulu, wewe shona magauni. Kamba niachie mimi."

Saa tano upepo wa kusini ukawaangukia. Mashua ikalala ubavu na kusukumwa kuelekea miambani, injini yake ndogo ikinguruma bila kufua dafu. Lusungu akavuta kamba afunge tanga. Ikaja kidogo, ikagoma. Akakita mguu, akavuta kama anavyovuta kwenye lori, hadi ngozi ya viganja ikachanika. Kwenye rili mizunguko iliyolegea ilikuwa imepandana, na kila alipovuta, kamba ilizama zaidi chini ya mizunguko mingine.

Kona ya tanga ikamchapa Hasina usoni, ikamwangusha sakafuni mwa mashua. Hakujua kuogelea. Miamba ilikuwa hatua sitini tu.

"Unazidi kuinasisha," alisema, akitema damu. "Ilegeze, baba."

Mwili mzima wa Lusungu ulikataa. Kulegeza kamba katika upepo ule? Hata hivyo alimkabidhi Hasina ncha ya kamba, akatambaa hadi mbele huku tanga likimtandika mgongoni. Akaingiza vidole kwenye rili, akaushika mzunguko uliozama. Upepo ukalishtua tanga, rili ikageuka, ikamsaga kidole cha shahada. Aliusikia mfupa ukivunjika. Hakuachia. Akauchomoa ule mzunguko.

"Vuta sasa. Polepole."

Hasina akavuta. Tanga likajiviringisha, mashua ikainuka, na injini ikawatoa huku jiwe la kwanza likikwangua ubao wa chini.

Ufukweni, Hasina alichana kanga akamfunga mkono.

"Ndaga, mama," Lusungu alishukuru kwa Kinyakyusa.

"Twende hospitali."

"Subiri kwanza. Lifungue tanga, taratibu."

Hasina alilivuta tanga. Lusungu akaishikilia kamba kwa mkono uliokuwa mzima, akiiruhusu iingie ikiwa imenyooka, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka rili ikajaa.

"Haya," akasema, rangi imemtoka. "Sasa twende."